Nusu Kilo na Albamu Bora ya Dunia

Ukitaka kusema kwamba Kenny Rogers si mtu wa Nyeri, ngoja kwanza matatu ijae, dereva atie gia, kisha useme ukiwa dirishani na gari likielekea Naro Moru. Hapa Chaka tumeshamwandikisha. Redio zinamcheza alfajiri watu wakikama ng'ombe na zinamcheza tena usiku, na wazee wa kanisa ambao hawajashika karata maishani mwao huwausia vijana kwa hekima ya yule mcheza kamari wake wa kwenye garimoshi. Alipofariki Machi 2020, kuna bucha moja hapa mjini iliyofunga mapema. Mwenyewe alisema stima imepotea. Majirani wote tulikuwa na stima.

Bucha hiyo iko kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki. Asubuhi, mawingu yakiwa na huruma, ukiwa mlangoni pake unauona Mlima Kenya wote mpaka kwenye theluji. Jioni huoni hata lori lililo mbele yako. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mapema na baridi huingia mpaka kwenye noti za mfukoni. Wanaume wenye meko yao nyumbani huyaacha, wakaja kuota moto wa jiko la mutura kwa kisingizio cha mutura. Mwenye bucha sisi humwita Bucha tu. Jina alilobatizwa naona limebaki kwenye kitambulisho na kwa chifu. Ana imani mbili zisizotikisika: kwamba nyama ya mbuzi haitiwi viungo, na kwamba The Gambler ya Kenny Rogers, ya mwaka 1978, ndiyo albamu bora kuliko zote zilizowahi kutolewa duniani. Imani ya kwanza hakuna aliyeipinga.

Ya pili ilipingwa na Mwalimu. Mwalimu amestaafu, lakini kalamu yake nyekundu bado iko kazini. Alikuja jioni moja na simu mkononi, akavuta benchi, akatutangazia kwamba jambo hili lilishaamuliwa na wataalamu. Jarida la Rolling Stone la Marekani, alisema, lilipanga albamu 500 mwaka 2003, na namba moja ikawa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, ya mwaka 1967. Jina hilo alilitamka lote bila kupumua, kwa ile sauti yake ya mkutano wa wazazi. Bucha akaendelea kugeuza mutura. Binti wa duka la M-Pesa, ambaye dirisha lake linatazamana na jiko letu, akapekua simu yake akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya zamani. Walipanga upya 2020. Namba moja ni Marvin Gaye, What's Going On. Hao Beatles wako namba 24."

Bucha akainua kisu.

"Mwalimu, hawa Beatles walivunjika lini?"

"Mwaka 1970."

"Sasa kati ya 2003 na 2020 walikosea wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu, na mimi sina mpaka leo. Santuri ni ile ile, nyimbo ni zile zile 13, na hakuna aliyeingia studio usiku akaziharibu. Binti akaongeza kwamba mwaka 2024 Apple Music nao walitoa orodha yao ya albamu 100, na ya kwanza ikawa The Miseducation of Lauryn Hill, ya mwaka 1998. Akaanza kueleza kwa nini. Kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko wote jioni ile. Tatizo ni kwamba alikuwa akiongea kupitia dirisha la vyuma, na hapa kwetu mtu aliye nyuma ya dirisha la vyuma huulizwa tu kama ana floti.

Basi jambo likawa jambo. Bucha, ambaye hajawahi kumpa mtu hata mfupa wa bure, aliweka zawadi: nusu kilo ya mbuzi kwa atakayeleta albamu itakayomnyamazisha kila mtu. Mwalimu akawa mwenyekiti, kwa kuwa tayari alikuwa na kalamu. Wengine tukawa wagombea: mimi mwenye duka la dawa za mifugo, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake ina spika nyingi kuliko ilivyo na breki, na Guka, mzee aliyestaafu kwenye reli, ambaye treni ya Nanyuki ilipofufuliwa mwaka 2020 baada ya kulala miaka mingi alikwenda kuitazama ikipita akiwa amevaa tai.

Kijana wa bodaboda alianza. "Ile ya Bob," akasema.

"Ipi?"

"Ile yenye zote."

Alikuwa anamaanisha Legend, iliyotolewa mwaka 1984 wakati Bob Marley ana miaka mitatu kaburini. Mwalimu akatunga sheria papo hapo: mikusanyo hairuhusiwi. Albamu, alisema, ni kazi ambayo msanii ameikalia chini akaipanga kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa nia moja. Kuokota nyimbo zilizovuma ukazitia kwenye mfuko mmoja ni biashara ya mitumba. Kijana akahamia Exodus ya mwaka 1977, na Binti akamtetea kutoka dirishani kwamba jarida la Time mwaka 1999 liliiita albamu ya karne. Mwalimu akaandika. Tukaiona sheria ile kuwa ya busara kabisa, mpaka Guka alipoinua fimbo.

"Kamaru yuko wapi katika sheria hiyo?"

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tumemfukuza Joseph Kamaru buchani, tena kwake, kwenye nchi ambayo harusi isiyo na wimbo wake huwa na kasoro ya kisheria. Maana Kamaru, mzaliwa wa Kangema aliyeishi tangu 1939 hadi 2018, aliimba katika enzi ya santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika: wimbo mmoja upande huu, mmoja upande ule, kwisha. Kampuni ya Columbia ilikuwa imetoa santuri ndefu ya kubeba nyimbo nyingi mwaka 1948, na RCA Victor wakatoa hiyo ndogo mwaka uliofuata. Wazungu wakaishika ile ndefu, wakaanza kuipangia falsafa. Sisi tukaishika ndogo. Santuri ndefu ilitaka mtu mwenye sebule na kabati la redio-gramu. Ndogo ilimtosha mwenye baa, mwenye hoteli, na mkulima aliyetoka kuuza gunia moja la viazi akapita River Road jijini Nairobi kabla pesa haijapata majukumu mengine.

Tena wimbo wa kwetu ulikuwa na haraka. Machi 1975 J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa, na mwaka huo huo Kamaru akatoa wimbo juu yake. Ungemwambia nini? Kwamba angoje apate nyimbo nyingine tisa zinazolingana na msiba huo, na picha nzuri ya jalada? Au ule wa mwaka 1969, Ndari ya Mwarimu, uliowasema walimu wenye macho ya nje kwa wanafunzi wao wa kike? Huo uliwakasirisha walimu hata kukawa na vitisho vya mgomo. Nilipoutaja, nilimwona Mwalimu akifunga daftari taratibu, na nikajua kwamba sheria yake dhidi ya mikusanyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko tulivyodhani.

Guka akaendelea kuhesabu majeruhi. Daudi Kabaka, nje. Fadhili William, nje. Benga yote ya D.O. Misiani iliyouzwa wimbo kwa wimbo kabla Wazungu hawajaifunga pamoja, nje. Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, naye angerudishwa melini kwa kosa la kutojaza fomu. Rumba ndefu, zile ambazo katikati yake gitaa linaamka na watu wanasahau soli zilizotoboka, zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Guka anasema katika ujana wake, kule Muthurwa kwenye nyumba za reli, wachezaji walijua kusimama huku mkono wa msichana ukiwa hewani mpaka mwenye gramafoni ageuze. Wengine waliposwa katika kimya hicho.

"Sasa Mwalimu," akamaliza, "hiyo dansi nayo ni mkusanyo?"

Mwalimu alikaa ngumu. Alisema sheria haibagui, na kwamba ziko albamu kamili za Afrika Mashariki kwa anayejua kutafuta, akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimemnong'oneza yangu mapema. Yangu ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Huyu ndiye Dokta Remmy, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyehamia Dar es Salaam akaimba Kiswahili cha mtu anayelala njaa lakini bado anacheka, mpaka mtaa mzima wa Sinza ukawa na kituo kinachoitwa kwa Remmy. Ukianza kuisikiliza hupati pa kuingiza kidole. Nikaunganisha simu yangu na spika ya bodaboda, nikainua mkono kuwanyamazisha, gitaa likaanza kutiririka, hata Bucha akapunguza moto.

Ndipo simu ikaita. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika ile kwa nguvu ya mkutano wa kampeni, ikasikika mpaka stendi:

"Daktari! Amevimba! Amevimba upande wa kushoto, na hapumui vizuri!"

Nilikuwa najua ni ng'ombe. Wengine hawakujua, na kwa muda fulani nilitazamwa na watu wote wa upande ule wa barabara kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Nilipofafanua kwamba mgonjwa ana miguu minne na amekula majani mabichi yenye umande, kila mtu aliyekuwa buchani akageuka mtaalamu. Bucha alisema atiwe mafuta ya kupikia kinywani. Guka alisema atembezwe mlimani. Abiria aliyeshuka kwenye matatu kununua mahindi, mtu tusiyemjua kabisa, akasema kwao Laikipia huwa wanamsimamisha miguu ya mbele ikiwa juu. Mwanamke alikuwa akijibu kila ushauri, na mimi sikuweza kuikata simu kwa sababu ng'ombe ni ng'ombe. Alipona, kwa mafuta ya kupikia na kutembezwa. Remmy hakurudi tena jioni ile.

Siku iliyofuata Binti aliniuliza swali lililoniudhi kwa sababu lilikuwa zuri. "Hiyo ya Remmy ilirekodiwa wapi?" Nikamwambia Uingereza, kwenye studio ya Real World ya Peter Gabriel. "Na En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada?" Real World pia, 1993. Akanyamaza akihesabu pesa za mteja, kisha akasema, "Kwa hiyo zilizokamilika zilikamilishiwa huko."

Nimeitafakari kauli hiyo nikipima dawa ya minyoo. Si kwamba wanamuziki wetu hawakuwa na pumzi ya albamu. Super Matimila walikuwa wakipiga usiku kucha huko Dar bila mtu kuwaamuru waende Uingereza wakajifunze urefu. Ila santuri ya mpangilio, yenye mwanzo na mwisho, ilitengenezewa mtu anayekaa kitini akatazama ukuta akisikiliza. Hapa Chaka mtu akionekana amekaa kitini anatazama ukuta, jirani humwita mkewe kando akamuuliza kuna nini. Sisi husikiliza tukifanya jambo jingine, na wimbo unaotuzuia kufanya jambo hilo tunauita kelele.

Ushahidi niliupata haraka. Kwa nia ya kuwapatanisha Guka na Mwalimu, niliwaletea Joseph Kamaru mwingine: mjukuu, mwenye jina lile lile la babu yake, anayejiita KMRU na anayefanya kazi zake Berlin. Huyu ana albamu kamili isiyo na shaka, Peel, ya mwaka 2020, iliyosifiwa na watu wanaolipwa kusifu. Haina gitaa wala maneno. Ni sauti za mahali, mivumo mirefu inayopandana polepole, na mimi binafsi huisikiliza usiku nikifunga hesabu na naipenda. Nikawaeleza: huyu ni damu ya Kamaru, na hii si mkusanyo, imepangwa kwa nia moja. Wote wakaridhika, nikabonyeza.

Dakika ya kwanza Guka aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu. Dakika ya pili kijana wa bodaboda alichungulia spika yake. Dakika ya tatu Bucha akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaenda nyuma haraka, tukasikia akizima friji, akiiwasha, akiipiga ubavuni, akiizima tena. Akarudi amekunja uso. "Compressor imekufa," akasema, "na nina nyama ya mbuzi wawili ndani." Nilipomwambia kwamba ule ndio muziki wenyewe alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama babu yake anajua.

Katika pilkapilka hizo mutura wote uliungua, na Bucha akatuuzia kwa bei ile ile.

Zipo albamu zilizopita bila kelele. Binti alileta Nimefika ya E-Sir, iliyotoka mwaka 2003, mwaka ule ule ambao barabara ya kutoka Nakuru ilimchukua mwezi wa Machi akiwa na miaka 21. Hakuna aliyeipinga. Kijana wa bodaboda, ambaye mwaka huo hata hakuwa ametambaa, aliimba mashairi yote. Kwa bahati mbaya palikuwa mahali pa ubishi, na kitu kisichobishaniwa hakikupata hata mstari kwenye daftari la Mwalimu. Vivyo hivyo Thriller ya Michael Jackson: kila mtu alisema ndiyo, ndiyo, kisha akaomba chumvi.

Mimi, nikilazimishwa kula kiapo, albamu ninayoijua kuliko zote iko kwenye pick-up yangu ya Peugeot 504. Niliinunua kwa mtu wa Karatina, ikiwa na kaseti iliyokwama kwenye redio. Mwenyewe aliapa kwamba ni suala la kibano na dakika mbili. Mafundi wamejaribu, mmoja alitoa redio nzima ikabaki inaning'inia kwa nyaya, lakini kaseti haikutoka, na ikifika mwisho inajigeuza yenyewe. Kwenye kidirisha unaweza kusoma mwandiko wa kalamu ya bluu: Lucky Dube, Slave. Hiyo ni ya mwaka 1987, na inaanza vizuri. Wimbo wa nne, kabla ya kiitikio, unakatwa na tangazo la kifo kutoka redioni, lile lenye majina ya ndugu wote na kazi wanazofanya na ombi kwamba wafike nyumbani bila kukosa. Kisha Lucky Dube anarudi pale pale, hana habari. Upande wa pili ni kwaya ya kanisa, nusu ya wimbo wa Kamaru, na jogoo, kwa sababu aliyerekodi aliweka kinasa sauti mbele ya redio na dirisha likiwa wazi.

Siku moja nilimpa lifti bibi mmoja aliyekuwa akienda Nanyuki na debe la vitunguu. Tulipofika karibu na Naro Moru, tangazo likasomwa. Bibi akapiga yowe, akashika mlango, akataka kushuka gari likiwa mbioni. Marehemu alikuwa wa kijiji chao. Nikasimamisha gari, nikamweleza kwa upole kwamba huyo bwana alizikwa enzi za Moi, na kwamba mimi humsikia kila ninapokwenda kuchukua chakula cha kuku. Hakutulia hata kidogo. Kilichomuuma sasa kilikuwa kingine.

"Na miaka yote hii," akasema akijifuta machozi kwa leso, "mbona hakuna aliyeniambia?"

Siku hizi nikiusikia wimbo huo mahali pengine, ukapita pale bila mtu kufa, naona umepunguzwa. Ndiyo maana sikubaliani na Mwalimu hata akipiga mihuri. Huku kwetu nyimbo zilitoka moja moja, na kazi ya kuzipanga, hii ifuate ile, hii ikatwe hapa, ikaachiwa msikilizaji: mwenye baa aliyejua santuri ipi huinua wanywaji na ipi huwarudisha kwa wake zao, makanga na kaseti yake, wapiga mugithi wanaoshona nyimbo za watu kumi kwa gitaa moja mpaka alfajiri bila kuacha nafasi ya kwenda msalani, na leo kijana mwenye flashi. Albamu zetu zipo. Ni kwamba majina yaliyo kwenye jalada si ya waliozipanga, na jalada lenyewe kwa kawaida halipo.

Guka, lakini, jalada alikuwa nalo. Kwa wiki nyingi alikuwa akitutishia kwa Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, aliyoinunua Nairobi kwa mshahara wa reli. Hii, alisema, inashinda sheria zote, kwa maana wimbo wenyewe ni karibu robo saa, na anayetaka kuuita mkusanyo aseme umekusanywa na nini. Kila tulipomwomba ailete alisema iko mahali salama. Jumamosi moja akaileta, ndani ya koti, imefungwa kwa Taifa Leo. Bucha alikuwa ameazima gramafoni kutoka Kiganjo, yenye mkanda uliotengenezwa kwa mpira wa tyubu. Watu walijaa mpaka nje. Hata Binti alifunga duka akavuka barabara, jambo ambalo hatukuwahi kuliona mchana.

Guka akafungua gazeti. Jalada lilikuwa limeliwa pembe na panya, lakini Franco alikuwepo. Akaingiza mkono kwa madaha, akavuta, akatoa karatasi iliyokunjwa yenye muhuri wa serikali.

Mwalimu aliichukua kwa mazoea ya kusahihisha. Akaisoma juu mpaka chini, akavua miwani. "Guka," akasema, "hii ni hati ya shamba."

Sasa, kila mtu Chaka alijua kwamba hati ya shamba la Guka ilipotea. Ilikuwa imetafutwa tangu Pasaka. Vijana wake walikuwa wamekwenda kwa chifu, kwa polisi, ofisi ya ardhi Nyeri, na kwa mwombezi mmoja aliyeona katika maono kwamba iko chini ya maji. Guka mwenyewe aliongoza msako huo. Alipoona macho yetu alikohoa, akasema aliificha humo makusudi ili vijana wasiikopee benki, na kwamba hakuna mwizi wa enzi hizi anayeiba Franco. Kama alikuwa ameikumbuka au la, mimi sitaapa. Bucha, ambaye jina la Guka linajaza ukurasa mzima wa daftari lake la madeni, alikuwa ameshamkatia kipande kikubwa cha mbavu na kumpangusia benchi.

Binti alikuwa ameshapiga simu. Shosho, mkewe Guka, alifika kabla mbavu hazijageuzwa, ana kitenge begani na unga wa mahindi mikononi, akaipokea hati kutoka kwa Mwalimu bila kusema neno, akaisoma, akaiingiza kifuani.

"Na rekodi iko wapi?" Guka akamuuliza. Kwa kweli ndilo swali pekee lililokuwa likimsumbua.

"Niliiuza."

"Uliiuza lini?"

"Karatina, ile siku ya soko, ulipokuwa zamu Kisumu. Nikanunua kuku."

"Mario? Kwa kuku?"

"Mzee," Shosho akasema, "yule Mkongo jirani yetu wa Muthurwa alinifasiria wimbo wote. Kijana mzima, amesoma, amekaa kwa mwanamke mtu mzima anakula jasho lake, na wewe unamcheza robo saa sebuleni kwangu mbele ya watoto. Kuku walitaga."

Mwalimu, ambaye hapotezi nafasi, akamuuliza kwa adabu yote kama yeye ana albamu anayoona imezidi zote. Shosho alifikiri. Akasema za Mbilia Bel hakuuza hata moja, ziko chini ya kitanda, na anayezitaka aje avue viatu mlangoni. Kijana wa bodaboda akajitolea kumpeleka nyumbani bure. Akapanda, akashika kifua kwa mkono mmoja, wakatokomea ukunguni huku spika zikiwa zimezimwa kwa amri yake.

Tukabaki na jalada. Mwalimu akaandika kitu, akakifuta. Guka alilikunja gazeti lake mara nne, akavuta pumzi, akamgeukia Bucha na kumwomba nusu kilo nyingine, aiandike kwenye daftari.

"Guka," Bucha akasema, akizirudisha zile mbavu kwenye ndoano, "dhamana imeshapanda bodaboda."